Sanda Niliyoibeba Hadi Kadutu

Wazee wa kijiweni, na nyinyi wengine mliokuwa mkiniuliza kwa macho bila kufungua mdomo: ni kweli, niliugua Kongo. Si kweli kwamba nilikufa. Aliyewaambia kuwa nimeshazikwa Bukavu namjua, na kikombe changu cha kahawa alichokirithi haraka haraka namwomba akirudishe mahali pake. Nimechoka kusimulia nusunusu kila jioni, huku mmoja ananikatiza kuuliza kama ni kweli dhahabu huko inaokotwa njiani. Nimeketi nikaandika yote, kituo kwa kituo. Habari za pasi na mihuri nimeziacha, maana hata mimi mwenyewe zilinichosha.

Kilichonitoa Tanga mnakijua kidogo. Dada yangu Zuhura, aliyenizidi miaka minne, aliolewa Bukavu zamani na marehemu Saidi, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Uvira ambaye babu yake alitoka pwani yetu hii. Saidi alipofariki, Zuhura alifunika cherehani yake kwa shuka, akapanda kitandani, akageukia ukuta. Madaktari walimpima wakakosa cha kutibu. Miezi sita baadaye jirani yake mmoja, Maman Nsimire, akanitumia sauti kwenye simu: "Papa Mwalimu, dada yako hakule tena. Kama unataka kumuona macho yake ingali wazi, kuya mbio."

Kwetu, kama mnavyojua, mwanamke aliyeolewa mbali sanda yake hutoka kwao, na anayeipeleka ni ndugu yake wa kiume. Mama aliniusia hivyo kabla hajafa. Nikaenda dukani nikataka bafta nzuri. Muuzaji akaniuliza maiti ni mwanamume au mwanamke, nikasema mwanamke, akanikatia vipande vitano, akavikunja, akanipa pole. Sikumwambia kwamba maiti mwenyewe bado anapumua. Nilivilaza chini kabisa ya begi, juu nikaweka halua na kahawa, nikajiona mtu anayejua wajibu wake. Nilikuwa na maombi mawili tu kwa Mungu: nimkute dada yangu hai, na asijue nimembebea nini.

Reli, na mhubiri wa behewa la tatu

Nilipanda treni Dodoma kwenda Kigoma. Iliposimama porini baada ya Tabora, ikasimama kweli, kutwa nzima. Katika behewa letu alikuwamo bwana mmoja mwenye suti ya kahawia ambaye alisimama kila baada ya saa moja kutufunulia maana ya kukwama kwetu. Kwanza Mungu alikuwa anatuepusha na ajali iliyotungoja mbele. Baadaye ikawa anatufundisha subira. Kufikia alasiri, maji yalipokwisha, ikawa humu ndani kuna mtu mwenye dhambi nzito, akawa anatutazama mmoja mmoja. Fundi alipopita nilimuuliza, akasema ni breki.

Nilicheka sana. Nilijiambia kwamba watu wa aina hii hawawezi kupiga chafya bila kuuliza mbingu ilikuwa inamaanisha nini. Kumbukeni hicho kicheko, maana kitanirudia.

Kutoka Kigoma nilipanda basi hadi Bujumbura, na huko nikalala kwa mtoto wa binamu yangu aliyenipikia mukeke, samaki mtamu kuliko changu wetu, ingawa kusema hivyo mbele ya watu wa Tanga ni uhaini. Kichwa kilianza kunigonga pale. Nikasema ni jua.

Uvira, na pongezi za afisa

Mpakani, upande wa Kongo, afisa mmoja mpole mwenye kitambi alitaka kuona begi langu lote. Alitoa kahawa, akatoa halua, akaionja kwa kidole, kisha akafika chini. Akaivuta ile bafta, akaitandaza mezani, na nyeupe yake ikamulika ofisi nzima.

"Hii kitambaa nyeupe, papa, iko ya nani?"

Nikasema ya dada yangu.

"Ah. Anaolewa?"

Sasa nyinyi niambieni mngejibu nini. Kumwambia afisa wa mpaka kwamba umebeba nguo ya maiti kwa ajili ya mtu aliye hai ni kujitafutia maswali ya siku tatu. Nikasema ndiyo, anaolewa. Uso wake ukafunguka. Akamwita mwenzake wa kike aje ashike kitambaa, na yule mama akakishika kwa vidole viwili kwa heshima, akasema ni kizuri lakini shingoni watie dantela, yaani lesi. Wakaanza kuniuliza bwana harusi ni mtu wa wapi. Nikasema ni mtu ambaye kila mmoja wetu anamjua. Haikuwa jibu la mtu mzima, lakini kichwa kilikuwa kinaniuma.

"Félicitations, papa," akasema, akaikunja mwenyewe vizuri kuliko nilivyoikunja mimi. "Umusalimie bibi arusi. Na ukirudi utapita hapa, utatuambia."

Uvira nilikula sombe, yaani kisamvu, kwa ugali wa muhogo, kwa ndugu za marehemu Saidi. Ni watu wa pwani waliokwisha kusahau pwani iko upande gani. Wanaswali vizuri, wanapika pilau ya kushangaza, na mabibi zao wanavaa vitenge hadi msikitini. Mimi, mwalimu mkuu mstaafu, nilikaa pale nikiwapimia dini yao kimoyomoyo na kuwapa alama. Nadhani niliwapa hamsini kwa mia. Usiku nilitetemeka, na asubuhi nikalaumu sombe.

Kupanda Ngomo

Njia ya Uvira hadi Bukavu inafuata bonde la Ruzizi, tambarare na joto, mpaka Kamanyola, halafu inapanda mlima uitwao Ngomo kwa kona ambazo dereva huzipita akiwa amemgeukia abiria wa nyuma ili asikike vizuri. Kushoto mlima, kulia hakuna kitu. Katikati ya mlima lori la saruji lilikuwa limelala kwa ubavu barabarani, na dereva wake amekaa juu ya ubavu huo anakula ndizi.

Tulikaa hapo saa tano. Jirani yangu garini alikuwa Papa Bahati, mchuuzi wa Kamituga, amepakata minyororo ya pikipiki mapajani, maana huko machimboni kwao hakuna barabara ila kuna pikipiki, na kila mvua inakula minyororo yake. Alinigawia mahindi ya kuchoma na parachichi nusu. Nilishindwa kula. Nilikuwa nimejifunga shuka mbili, na meno yanagongana juani.

"Muzee, hii si baridi," akasema. "Hii ni palu."

Nilimweleza kwa utulivu, kama ninavyowaeleza wanafunzi, kwamba mimi ni mtu wa Tanga, malaria naijua tangu utotoni, na hii ni sombe ya Uvira tu. Akanitazama, akavua koti lake akanifunika. Akasema yeye si muganga, lakini ameshaona watu wengi wanaojua kila kitu wakiteremshwa kutoka Kamituga wamelala. Nilifungua mdomo kumjibu, nikatapika dirishani.

Lori liliposukumwa kando tuliendelea. Papa Bahati hakushuka kwenye kituo chake. Alinifikisha hadi Kadutu, mtaa wa Bukavu anakokaa dada yangu, akanitafutia pikipiki, akamwonya dereva aniendeshe kama amebeba mayai. Koti lake sikumrudishia, na sina njia ya kumpata. Kama kuna mwenye jamaa Kamituga, anisaidie.

Kadutu

Kadutu ni kilima kilichovaa nyumba. Nyumba ya juu inamwaga maji ya kufulia karibu na mlango wa nyumba ya chini, na njia ni ngazi za udongo ambazo wanawake wanazishuka wakiwa na gunia la mkaa kichwani wakati mimi nashuka kwa makalio. Pikipiki ilifika pale ilipoweza, na nyumba ya dada yangu ilikuwa chini zaidi.

Maman Nsimire alinipokea mlangoni. Ni mama mnene wa kabila la Kishi, Mkatoliki wa kila siku, muuza maharage soko la Kadutu, na kiongozi wa kikundi cha sala cha mtaa wao wanachokiita shirika. Alikuwa ndiye aliyemlisha dada yangu uji kwa kijiko kwa miezi sita, bila undugu wala dini moja. Nilimshukuru kwa maneno machache, maana nilikuwa naona Maman Nsimire wawili.

Zuhura alikuwa kitandani, mgongo kwetu. Mgongo ule haukuwa wa dada yangu. Mabega yalikuwa yamebaki mifupa. Cherehani ilikuwa pembeni chini ya shuka. Nikamwita jina lake. Hakugeuka.

"Umekuya kunizika," akauambia ukuta.

Nikasema hapana, nimekuja kukuona. Hilo ndilo neno la mwisho ninalolikumbuka. Wanasema nilienda chini kama gunia, nikagonga cherehani, na shuka lake likanifunika.

Wodi ya wanaume

Siku tatu zilizofuata ninazo kwa kusimuliwa. Wanaume wanne wa mtaa walinipandisha ngazi zile nikiwa nimefungwa kwenye kiti cha plastiki. Hospitalini daktari kijana alisema ni malaria kali, akanitundikia serumu, yaani dripu, akaanza sindano. Wanasema nilimuuliza kwa kuweweseka kama ni sombe, akacheka. Akasema hii malaria mgonjwa alitoka nayo kwao, huku juu ni baridi na mbu wao ni wavivu. Kwa hiyo niwaombe radhi hadharani watu wa Uvira. Nilibeba mwenyewe ugonjwa wangu kutoka Tanga, pamoja na ile bafta.

Muuguzi akauliza swali ambalo kule huulizwa kabla ya jina: garde-malade yake ni nani? Kule mgonjwa halazwi peke yake. Lazima awe na mtu wa kumpikia, kumfulia, kumwosha, kukimbilia dawa na kulala kwenye mkeka chini ya kitanda chake. Hospitali inakupa kitanda na daktari, binadamu unakuja naye. Watoto wa Zuhura, wa kiume na wa kike, wote wako Lubumbashi. Maman Nsimire ana soko na wajukuu wanane. Mgeni hana mtu.

Maman Nsimire akashuka Kadutu kunichukulia nguo safi. Alifungua begi langu mbele ya kitanda cha dada yangu. Akatoa halua, akatoa kahawa, akatoa bafta. Yeye Mkristo hakujua ni nini, akamwonyesha Zuhura akimuuliza kama hii ndiyo kanzu ya Papa Mwalimu.

Hapa ndipo dada yangu alipobadilika, kwa maneno ya Maman Nsimire mwenyewe. Zuhura aligeuka kutoka ukutani. Akaomba apewe ile nguo. Akaifungua kwenye mapaja yake, akahesabu vipande. Akahesabu tena. Kisha akasema: "Ni sanda. Mudogo wangu alijua anakufa, akakuya kufia kwangu." Akateremsha miguu, akajifunga kitambaa kichwani, akauliza sufuria yake iko wapi.

Nilipofumbua macho siku ya nne, kilichokuwa mbele yangu ni kijiko.

"Kula," akasema.

Nilimtazama. Alikuwa ameketi wima kwenye ukingo wa kitanda, amekonda, macho yamezama, lakini amekasirika kwelikweli, kama alivyokuwa anakasirika utotoni nikimwaga maji yake ya kisimani. Nikamuuliza kama yeye amekula.

"Nitakula namna gani na weye unataka kufa mbele yangu? Mimi njo mukubwa. Kuna mustari, Idi. Fungua mudomo."

Nikafungua.

Kuna dirisha pale wodini linalotazama ua wa nyuma, ambako garde-malade wote hupika kwa mkaa. Siku ya tano nilijivuta hadi dirishani. Nilimwona dada yangu amechuchumaa anapuliza moto, akigombana na mama mwingine juu ya nani alifika kwanza kwenye mafiga. Alishinda. Kisha akachukua sambaza, vile visamaki vya ziwa lao, akavikaanga, akaonja kimoja. Akaonja cha pili. Akaketi chini akala sahani nzima peke yake, akisahau kabisa kwamba kuna mgonjwa ndani. Nililia, ndugu zangu. Nilishika nondo za dirisha nikasema Alhamdulillahi, na sikuwa nasema kwa mazoea.

Muzee wa sanda

Sasa mjue kilichonipata baada ya hapo, maana ni aibu na lazima niiseme. Habari ya sanda ilitoka wodini ikapanda ngazi zote za Kadutu. Kumefika mtu wa Tanzania, mcha Mungu kiasi kwamba anatembea na kifo chake ndani ya begi. Watu wakaanza kuja kuniona.

Shirika la Maman Nsimire lilikuja lote, mama kumi na saba, wakaimba wakizunguka kitanda hadi daktari akaomba sauti ya pili ishushwe. Maman Nsimire akawahutubia kwamba nimeponywa ili Wakatoliki wa mtaa ule waone aibu, maana wao hata vitanda vyao hawatandiki, wakati Mwislamu amejitandikia kaburi. Siku ya pili walikuja wazee wa msikiti na wana wao. Wao wakasema nimeponywa ili Waislamu wa Bukavu waone aibu. Jamaa wa kitanda cha jirani, mlokole, alikuwa na hakika kwamba pepo wa safari ametolewa ndani yangu saa nane mchana, akiwa yeye anaomba. Saa nane ndiyo ileile ya sindano. Mama mmoja akaniletea kalamu ya mwanawe anayefanya mtihani wa taifa, niishike tu. Niliishika. Nilimshauri pia asome.

Kila aliyekuja alikuwa na maana ya ugonjwa wangu, na hakuna maana mbili zilizofanana. Nikamkumbuka mhubiri wa behewa la tatu. Nilikuwa napaswa kusema ukweli: kwamba sanda si yangu, ni ya huyu anayeniuguza, na kwamba mimi si mtawa, ni mtu aliyemchimbia dada yake kaburi mapema. Sikusema. Ukishaitwa mcha Mungu na mama kumi na saba, kurudi kuwa mtu wa kawaida ni kazi.

Na Zuhura alikuwa ameketi palepale kwenye mkeka wake. Kila mgeni akiuliza kama ni kweli, yeye anajibu bila hata kutabasamu: "Ndiyo, ni ya kwake. Alijua." Kisha ananitazama. Nilidhani ni upendo.

Nilipotolewa hospitali nilikaa kwake Kadutu wiki mbili nikipata nguvu. Asubuhi ya kwanza nilisikia sauti nikadhani ni mvua juu ya bati. Ilikuwa cherehani. Zuhura alikuwa ameifunua, anashona pazia la jirani, na kando yake kuna bakuli la maharage limekwisha nusu. Mchana alinisimamisha mlangoni akanipima kwa futi yake ya utepe. Alianzia utosini mpaka kisiginoni, akaongeza kiganja kizima, akaandika. Nikamwambia kanzu haipimwi kuanzia utosini.

"Huku njo tunapima vile," akasema.

Nikamwacha. Nilishakubaliana na nafsi yangu kwamba watu wa huku wana namna zao.

Mara mbili nilijaribu kuungama. Mara ya kwanza nikaanza, "Dada, ile nguo," akanisukumia sahani akasema nile kwanza. Mara ya pili akaniambia nishike upindo wa pazia, nisiuachie. Mimi mwenyewe nikaona labda ni bora hivi. Maana nilikuwa nimeshapata maana yangu, mimi niliyewacheka wengine. Jioni nikiwa nje, ziwa likionekana chini kati ya mabati, niliiweka sawa: Mungu aliniangusha mimi ili amwinue yeye. Alimfanya aamini sanda ni yangu, huruma ikamtoa kitandani. Hata kosa langu Mola alilitumia. Ilikuwa maana nzuri sana, na niliifanyia mazoezi nije niwahutubie nayo hapa kijiweni. Nilikuwa nimekwisha kuichagulia na aya.

Kurudi

Siku ya kuondoka alinisindikiza kupanda ngazi zote hadi kwenye gari. Alipumzika mara tatu, mimi mara tano. Alinipa sambaza wakavu, vitenge vya kuwapelekea wifi zake, na begi alilolifunga mwenyewe kwa kamba.

"Usifungue mupaka Tanga," akasema. Tukashikana mikono muda mrefu. Hatukusema tutaonana lini, maana wote wawili tunajua hesabu za umri. Nilimwambia nimefurahi kumwona amesimama. Akaniambia nifunge koti la watu, kuna upepo.

Ngomo tuliteremka bila lori lolote. Na mpakani, kwa bahati yangu, alikuwa afisa yuleyule. Alinikumbuka kwa habari ya bibi harusi. Akasema lazima aone begi, si kwa kunishuku, ila kamba hii imefungwa na mtu anayeficha kitu. Akaikata. Akatoa sambaza, akatoa vitenge, akatoa bafta nyeupe, mpya kabisa, ya soko la Kadutu. Si ile yangu. Akaitandaza mezani, na kwa mara ya kwanza nikaihesabu mimi.

Vipande vitatu. Virefu, vya mtu mrefu, kutoka utosini mpaka kisiginoni na kiganja juu yake. Kwenye kile cha juu kulikuwa na karatasi imeshikizwa kwa pini ya mshonaji. Nilisoma nikiwa nimesimama pale mbele ya afisa.

"Idi. Mwanamuke iko na tano, mwanaume iko na tatu. Hata nikae huku miaka ngapi, hiyo siwezi sahau. Nilihesabu mara mbili, nikaona kumbe kule Tanga mulishanizika. Njo hasira ikaniamusha. Zangu nimeweka mu sanduku, asante, ni kitambaa muzuri. Hizi ni zako. Mama haiko, na weye hauna dada mwingine wa kukuletea, njo nimekata sasa. Usiharakishe."

Nilikaa kwenye kiti cha yule afisa bila kuombwa. Zuhura hakuamini hata siku moja kwamba sanda ni yangu. Alikaa kwenye mkeka wiki nzima akimwambia kila mgeni kwamba ni yangu, akinitazama ninavyobeba uongo wake kichwani kwa heshima zote, na mimi nikidhani ananionea huruma. Ile maana yangu nzuri niliyokuwa nawaletea iliishia pale mezani, pamoja na aya yake. Aliyemwinua ni Mungu, hilo silipingi. Ila alitumia hasira, na hasira yenyewe nilimpelekea mimi kwa mikono yangu, imekunjwa vizuri chini ya halua. Nilicheka, kisha nikafuta macho, kisha nikacheka tena, na yule afisa akaniletea maji.

Akauliza kwa upole kama arusi ilienda muzuri.

Nikamwambia bibi harusi amekataa.

Akanipa pole ya kweli. Akaiinua ile bafta, akapitisha kiganja juu yake. "Na hii nyeupe sasa, papa, ni ya nani?"

Nikasema hii ni yangu.

Alinitazama kutoka ndevu hadi viatu, akaangalia mvi, akaangalia koti la Papa Bahati linalonipwaya. Taratibu akaanza kutabasamu. Akanipa mkono wake wa kulia na kunishika bega kwa wa kushoto.

"Félicitations, papa," akasema. "Lakini kwa umri yako, usikawie."

Nikamwambia sina haraka, dada yangu amenikataza.